Wakusanyaji wa Visu na Majina Waliyoyaacha Nyuma

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi la tafsiri ambalo nilidhani ni jepesi. Nilichukua maelezo mafupi ya Kiingereza, ya aina ile inayobandikwa chini ya vitu katika makabati ya makumbusho, nikamgawia kila mmoja kipande chake. Mmoja wao alipata maelezo ya silaha ya chuma ya Wazande, yenye makali yanayochomoza huku na huku kama matawi ya mti. Akaandika hivi: "Kisu cha kutupa, Kongo ya Kaskazini, karne ya 19." Darasa zima lilicheka. Mwenzake aliyekaa nyuma akauliza, ikiwa kisu chenyewe ni cha kutupa, kwa nini Wazungu walikiokota na kukitunza zaidi ya miaka mia moja?

Nilisahihisha kama mwalimu yeyote ambavyo angesahihisha. Katika riadha tunasema kurusha mkuki na kurusha kisahani, kwa hiyo na kisu hiki ni cha kurusha. Nikaongeza kwamba tupa, likiwa nomino, ni chombo cha mhunzi na seremala cha kunolea, na kwamba mfasiri asipokuwa mwangalifu anaweza kumfikisha msomaji huko pia. Tulikuwa tunakaribia kufunga vitabu ndipo msichana mmoja aliponyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kwani wenyewe wanakiitaje?"

Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jibu langu lililochelewa, na ninaliandika katika jarida letu kwa sababu nimegundua kwamba jambo lenyewe linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko nilivyodhani.

Kuna watu, hasa Ulaya na Marekani, ambao burudani yao ni kukusanya visu, kama wengine wanavyokusanya stempu au sarafu za zamani. Hununua, hubadilishana, husafisha, huvipanga ukutani au katika makabati ya vioo, na huandika orodha. Katika orodha hizo visu vya bonde la Kongo na nchi zilizo jirani vina heshima kubwa, kwa kuwa hakuna pahala pengi duniani ambapo wahunzi walikipa chuma maumbo ya namna ile. Mapenzi hayo yana historia ya zaidi ya miaka 150, nami sina ugomvi na mtu anayependa kitu kizuri. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba katika historia hiyo chuma kilisafiri salama na jina likabaki njiani, au likasafiri jina jingine mahali pake.

Tuanze na mwaka 1870. Mwezi Machi wa mwaka huo Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Riga, alifika katika ua wa Mbunza, mfalme wa Wamangbetu, katika eneo ambalo leo ni kaskazini-mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alikuwa amefuatana na wafanyabiashara wa Khartoum waliokuwa wakitafuta pembe za ndovu. Mbunza alimpokea katika jumba kubwa, akiwa amejipamba kwa shaba kuanzia kichwani hadi miguuni, na katika mkono wake wa kuume alishika silaha iliyopinda kama mundu. Schweinfurth aliitazama kwa makini. Aliandika kwamba ile aliyoishika mfalme ilikuwa ya fahari tu, haikuwa ya vita, kwa maana ilifuliwa kwa shaba tupu. Picha ya mfalme na mundu wake ilichapishwa katika kitabu cha safari yake, kilichotoka kati ya 1873 na 1874, na bila shaka ndiyo picha ya kisu cha Afrika ya Kati iliyotazamwa zaidi Ulaya katika karne ile. Baadaye, mwaka 1875, alitoa kitabu kingine, Artes Africanae, kilichojaa michoro ya vitu vya mafundi wa nchi alizopita.

Ni vema nikiri kwamba Schweinfurth hakuwa mtu wa kupora. Aliwasifu wahunzi wa Mangbetu kwa maneno ambayo wasafiri wengi wa wakati wake wasingewapa Waafrika. Naye alilipa gharama kubwa kwa mapenzi yake. Desemba 1870, akiwa katika zariba ya mfanyabiashara mmoja aitwaye Ghattas, katika nchi ambayo sasa ni Sudan Kusini, moto uliteketeza shajara zake, vyombo vyake vya kupimia na vitu vingi alivyokuwa amevikusanya. Baada ya hapo, kwa kukosa saa na vipimo, alipima mwendo wa safari kwa kuhesabu hatua zake mwenyewe.

Lakini tazama lilivyokuwa suala la lugha. Schweinfurth alizungumza na wenyeji kwa Kiarabu cha Sudan. Mkalimani wake alikitoa Kiarabu hicho katika Kizande, na mkalimani wa mfalme akakitoa Kizande katika Kimangbetu. Jibu lilirudi kwa njia ileile. Katika mnyororo kama huo jina la kitu ndilo linalokatika kwanza, kwa sababu kila mkalimani hulipa neno analolijua yeye. Ndivyo lilivyoingia neno "trumbash" katika vitabu. Schweinfurth mwenyewe alieleza waziwazi kwamba neno hilo lilitumiwa Sennar, katika Sudan, kwa silaha za kurusha za kila aina, na kwamba kwa haki yake lilihusu kipande bapa cha mti kinachorushwa kuulia ndege na sungura. Basi alilitumia tu kwa silaha za Wazande kwa kuwa ndilo walilolizungumza watu wa msafara.

Kilichofuata kinastaajabisha. Wakusanyaji wa karne ya 20 walilichukua neno hilo wakalibandika kwenye mundu wa Wamangbetu, ule wa Mbunza. Hadi leo ukifungua orodha ya mnada wa visu, huo ndio unaoitwa "trumbash". Kwa hiyo tuna neno la Kiarabu cha Sudan, lenye maana ya mti wa kuwindia ndege, likiwa jina la kisu cha chuma cha watu wasiozungumza Kiarabu, kisu ambacho hakirushwi. Mwanafunzi wangu angalau alikosea kitenzi kimoja tu.

Hapa naomba msomaji aniruhusu nitoke kidogo njiani. Vitu vya Schweinfurth viliishia katika makumbusho ya Berlin. Katika mji huohuo, kuanzia mwaka 1900, Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka pwani ya Bagamoyo alikuwa akifundisha Kiswahili, na mwaka 1903 kikatoka kitabu cha desturi za Waswahili kilichohaririwa na Carl Velten, ambacho sehemu kubwa aliiandika Mtoro. Kila nikikumbuka hilo huwa nawaza: alikuwapo mjini mwalimu Mwafrika aliyejua thamani ya kuandika jina la kitu kama wenye kitu wanavyolitamka, na kilometa chache kutoka darasani kwake vilikuwapo visu vilivyoandikwa majina ya kubahatisha. Turudi.

Wazande wenyewe huiita silaha yao kpinga. Hilo ndilo jibu la swali la yule msichana, na lingeweza kupatikana kwa kuuliza. Kpinga ilifungwa upande wa ndani wa ngao iliyosukwa, kadhaa kwa pamoja, na mpiganaji aliichomoa na kuirusha ikizunguka. Haikuwa silaha ya kila mtu. Ilihesabiwa pia katika mali, na iliweza kuingia katika mahari, kwa kuwa katika nchi zile chuma kilichofuliwa vizuri kilikuwa akiba kama ng'ombe walivyo akiba kwa Banyankole. Neno "kisu cha kurusha" linabeba sehemu moja tu ya habari hiyo, tena ile ya kutisha.

Makumbusho ya Ulaya yalisaidia kulikaza neno hilo. Mwaka 1884 Jenerali Pitt Rivers aliukabidhi mkusanyo wake kwa Chuo Kikuu cha Oxford, na sharti lake lilikuwa kwamba vitu vipangwe kwa aina na maumbo: mishale pamoja, ngao pamoja, visu pamoja, vyovyote vile asili yake iwavyo. Mpango huo una manufaa yake, lakini unamzoesha mtazamaji kudhani kwamba vyenye umbo moja vina kazi moja. Wakota wa Gabon, kwa mfano, walikuwa na kisu chenye umbo la kichwa cha ndege kiitwacho musele. Kwa muda mrefu kiliandikwa katika orodha za visu vya kurusha kwa kuwa tu kilifanana navyo kwa mbali. Huko kwao kilikuwa kisu cha sherehe na cha kuonyesha cheo.

Mwaka 1897 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliandaa maonyesho makubwa huko Tervuren, karibu na Brussels, ili kuwashawishi Wabelgiji waipende Dola Huru ya Kongo. Mwaka uliofuata maonyesho yakageuzwa kuwa makumbusho ya kudumu, na mwaka 1910 yakahamia katika jumba jipya la fahari. Maafisa wa jeshi na wa utawala walirudi nyumbani na visu. Vingine walipewa zawadi na machifu, vingine walibadilishana kwa vitambaa na shanga, vingine vilitoka vitani au katika vijiji vilivyochomwa, na orodha mara nyingi hazitofautishi. Nyumbani vilitundikwa ukutani kwa mpangilio wa kipepeo, ncha zikitazama nje, ngao katikati. Mpangilio huo haukuwa wa Kiafrika hata kidogo. Ulitokana na desturi ya mabwana wa Ulaya ya kupamba kuta kwa silaha za mababu na za maadui.

Aliyekitundika kisu ukutani alihitaji hadithi ya kumsimulia mgeni wake. Hadithi iliyouzika kuliko zote ilitoka katika vitabu kama cha Edward Glave, kijana Mwingereza aliyefanya kazi chini ya Stanley huko Lukolela, kando ya Mto Kongo, katika miaka ya 1880. Glave alieleza kuuawa kwa mtumwa katika msiba wa mkubwa mmoja, na mwuaji akiwa na kisu kipana kilichopinda. Siwezi kukanusha aliyoyaona. Ila tangu hapo takriban kila kisu kikubwa kilichopinda kutoka kwa Wangombe, Wangala na majirani zao kiliandikwa "kisu cha mkata vichwa". Watu hao walivibeba visu vya namna hiyo katika ngoma, waliviweka mbele ya mkubwa kama alama ya madaraka, na waliviingiza katika malipo. Kama mgeni angefika kwetu akaona mkuki wa kifalme, kisha akauita "mkuki wa kuchomea watu", tungesema amepotosha. Lakini jina la kutisha huongeza bei mnadani, na hilo nalo ni tatizo la lugha.

Jirani na Kisangani, mji ambao wengi wetu tunaujua kwa historia ya Kiswahili cha Kongo, Walokele na Watopoke walikuwa na bapa la chuma lenye umbo la mkuki, refu kupita mtoto na mara nyingine kumfikia mtu mzima. Waliliita liganda. Halikuwa la kuchomea chochote. Lilikuwa fedha, na zaidi lilikuwa fedha ya mahari. Wakusanyaji wa mwanzo waliliona wakajiuliza ni jitu gani lingeweza kupigana na mkuki huo.

Sasa nifike kwa mkusanyaji ambaye, kwa maoni yangu, alifanya kazi hii vizuri zaidi, ingawa naye hakukosa lawama. Emil Torday alikuwa Mhungaria. Kati ya 1907 na 1909 aliongoza msafara wa kulikusanyia vitu Jumba la Makumbusho la Uingereza katika nchi ya Wakuba, Kasai. Torday alikuwa na kipaji cha lugha, na zaidi alikuwa na subira ya kukaa na wazee. Alikaribishwa na mfalme Kwete katika mji mkuu wake. Hakuridhika kuandika "kisu". Aliuliza kisu hiki kinaitwaje, nani anaruhusiwa kukivaa, tangu lini, na kwa nini.

Kwa sababu aliuliza, tunajua habari ya ajabu. Wakuba walimsimulia kwamba zamani walipigana kwa shongo, kisu cha kurusha, na Torday akaandika kwamba hata jina la Wabushongo lina maana ya watu wa shongo. Kisha katika karne ya 17 akatokea mfalme Shyaam aMbul aNgoong, aliyesafiri nchi za mbali akarudi na maarifa mapya. Masimulizi yanasema mfalme huyo alipiga marufuku shongo vitani. Katika sanamu za wafalme wa Kuba ziitwazo ndop, mfalme amekaa ameikunja miguu, na katika mkono wake wa kushoto ameshika kisu kiitwacho ikul. Ikul ni kisu cha amani. Kina bapa pana lenye umbo la jani, na huvaliwa kiunoni. Vipo hata vilivyochongwa kwa mti mtupu, mpini na bapa, visivyoweza kukata hata muhogo wa kuchemsha. Wazo la kisu kama alama ya kuacha vita halingemjia mgeni kwa kutazama tu. Lilihitaji jina na masimulizi yake.

Sanamu ya Shyaam aliyoinunua Torday ipo London mpaka leo, na mbele ya mfalme kuna ubao wa mchezo ambao msomaji wetu hatahitaji kuelezwa: ni bao. Jambo jingine litakalomchekesha ni kwamba Torday alimwandika mfalme huyo kwa jina la Shamba Bolongongo, na jina hilo likazunguka katika vitabu miaka mingi. Hata mwenye masikio mazuri huteleza. Lakini kuteleza kwa mtu aliyeuliza kunasahihishika, maana ametuachia pa kuanzia.

Wakati Torday yuko Kasai, kundi jingine lilikuwa linaingia kaskazini. Herbert Lang, mzaliwa wa Ujerumani, na Mmarekani James Chapin walitumwa na jumba la makumbusho ya viumbe la New York, wakakaa Kongo kuanzia 1909 hadi 1915. Kazi yao hasa ilikuwa wanyama, lakini walirudi pia na vitu vya watu zaidi ya 3,800, vingi kutoka kwa Wamangbetu na majirani zao. Miongoni mwake vimo visu vyenye mipini ya pembe za ndovu iliyochongwa vichwa vya watu, vichwa virefu vya nyuma kama mtindo wa Wamangbetu wa siku zile. Visu hivyo ndivyo vinavyopendwa sana na wakusanyaji, na husifiwa kuwa ndiyo sanaa halisi ya kale. Enid Schildkrout na Curtis Keim, katika kitabu walichokitoa mwaka 1990, walionyesha kwamba sanaa hiyo ya vichwa ilistawi hasa baada ya wageni kuanza kuipenda. Machifu waliona kinachowafurahisha maafisa, wakawaagiza mafundi wachonge zaidi, wakavitoa zawadi. Kwa maneno mengine, mkusanyaji alikuwa anakusanya kivuli chake mwenyewe. Simlaumu fundi. Alikuwa na mteja, naye alijua kazi.

Nimewasema Wazungu vya kutosha. Inafaa sasa tujitazame sisi na lugha yetu, maana Kiswahili nacho kilikuwa katika msafara. Wapagazi na askari wa Stanley walitoka Unguja. Katika njia zote za bara, kutoka Bagamoyo hadi Kisangani, aliyemuuliza mwenyeji "hiki nini?" mara nyingi alikuwa mtu wa Kiswahili, na aliyeandika jibu aliandika alichosikia kutoka kwake. Upanga mfupi wa Wamaasai huitwa na wenyewe olalem, na Wakikuyu wenye silaha ya namna hiyo huiita rũhiũ. Katika orodha za wakusanyaji hutaona jina hata moja kati ya hayo. Utaona "seme", yaani sime, neno letu. Sisi ndio tulioyafunika majina ya majirani, si kwa ubaya, bali kwa wepesi ule ule wa mkalimani wa Schweinfurth.

Maneno yetu nayo yakageuka mikononi mwa wengine. Upanga kwa Waswahili wa zamani ulikuwa silaha ya mtu mwenye heshima. Misamiati ya wamisionari ya karne ya 19 inataja upanga wa feleji, mrefu, ulionyooka, wenye makali pande mbili, na upanga wa imani, mfupi, wenye mpini wa msalaba. Lakini neno lililoingia katika kamusi za Kiingereza ni panga, na maana yake huko ni kifaa cha kufyekea. Mapanga yaliyotengenezwa viwandani Ulaya, mengine yakiwa na chapa ya mamba, yalienea mashambani, na leo mtoto wa shule anaujua upanga kutoka katika Biblia na panga kutoka nyuma ya mlango wa jikoni. Huko Rwanda na Burundi wanasema umupanga. Baada ya mwaka 1994 mwalimu anayefundisha Kigali hawezi kulitaja neno hilo darasani kama kifaa cha shamba tu. Nimeshuhudia semina ambapo mzungumzaji mgeni alilitolea mfano wa umoja na wingi, na ukumbi ukanyamaza.

Hapa kwetu Uganda limetokea jambo lingine. Jambia la pwani na Uarabuni ni kisu kifupi kilichopinda, cha kuvaliwa mbele kiunoni, ndugu wa hanjari ile iliyomo katika bendera ya Oman tangu 1970. Neno lilipanda bara likaingia katika Kiganda, na ejjambiya sasa ni panga. Mwaka 2021, wakati wa mauaji ya wazee katika eneo la Masaka, magazeti yote yaliandika habari za bijambiya. Mwanafunzi wa Kampala akisoma shairi la zamani la Kiswahili na kukutana na jambia, huona panga la Masaka kichwani mwake. Shairi lote huharibika.

Na kuna majina ambayo hayakugeuka bali yanapotea tu, bila msaada wa mkusanyaji yeyote. Niliwauliza wanafunzi wangu kotama ni nini. Hakuna aliyejua, ingawa wote wanaijua methali ya mgema aliyesifiwa. Kotama ni kisu kilichopinda anachopanda nacho mgema mnazini. Shembea nao ni kisu kilichopinda. Upo katika kamusi za zamani, na sijapata kusikia mtu akiutamka. Niliwataka waandike sehemu za kisu: mpini, bapa, makali, ncha, ala. Wengi walikwama kwenye ala, na wawili waliandika "mfuko wa kisu". Nilipofikiri sana niliona kuna mantiki hapo. Ala nyingi zilikuwa za ngozi na mti, zikaliwa na wadudu katika maghala ya Ulaya, hivyo hata wakusanyaji mara nyingi wana kisu bila ala.

Makumbusho yetu hapa Kampala yalianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, Old Kampala, kabla ya kuhamia katika jengo la sasa la Kitante mwaka 1954. Watu wa wakati ule waliyaita nyumba ya mayembe, kwa kuwa vitu vingi vilivyowekwa humo vilikuwa vya ibada, vilivyokusanywa na watawala na wamisionari. Mwaka 1962 vitu vya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, vilirudishwa kutoka Cambridge. Juni 2024 vitu vingine 39 vilirudi kutoka chuo kikuu hichohicho, kwa utaratibu wa mkopo wa miaka mitatu kwanza. Magazeti yalijadili sana kama inafaa mwenye mali akopeshwe mali yake, na mjadala huo ni wa haki. Lililokosekana katika mjadala ni kwamba vitu vikirudi hurudi na vibandiko vyake, na vibandiko vimeandikwa kwa Kiingereza cha mtu aliyeviorodhesha miaka mia moja iliyopita. Mtu atapewa kazi ya kuvitafsiri. Huenda atakuwa mmoja wa wanafunzi tunaowafundisha sasa, na kama hatukumfundisha kuuliza wenyewe wanakiitaje, ataandika "kisu" kila mahali na kwenda zake nyumbani.

Yule aliyeandika "kisu cha kutupa" ameirudia kazi yake. Sasa ameandika: "Kpinga. Silaha ya chuma ya Wazande. Hubebwa ndani ya ngao na kurushwa. Pia mali ya mahari." Nimempa alama zote isipokuwa moja, kwa sababu ya mgogoro wa ngeli ambao haujakwisha. Yeye anasema kpinga hiki, kwa hoja kwamba ni kisu. Mimi katika makala haya nimesema kpinga hii, kama tunavyofanya kwa maneno mengi yanayotujia kutoka nje. Msichana wa lile swali hakubaliani na yeyote kati yetu. Anasema kuna Wazande kutoka Sudan Kusini wanaokaa karibu na kwao, na kwamba likizo hii atakwenda kuwauliza.